Kabla Hujanunua Dover, Nunua Bomba

Jiko langu la kwanza la Dover nililinunua likiwa na kuku ndani. Lilikuwa nyuma ya nyumba kuukuu ya shamba, upande wa Endebess, limesimama nyasini kwa miguu mitatu na tofali moja, mlango wa oveni ukining'inia kwa bawaba moja. Humo ndani tetea alikuwa ameatamia, ametulia kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya mwaka. Mwenye boma alinieleza kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita mara mbili kulipima kwa macho, na kwamba safari ya tatu watakuja na nyundo. Tukapatana bei. Nikangoja wiki mbili na ushei mayai yaanguliwe, ndipo nikarudi na pikapu na vijana wanne.

Tangu siku hiyo kila anayeingia jikoni kwangu hapa Kitale huuliza nililipata wapi, na yeye atapata wapi lake. Hakuna anayeuliza moshi unatokea wapi. Haya nayaandika kwa ajili yao.

Huku kwetu jina Dover limekuwa kama Colgate: kila dawa ya meno ni Colgate, na kila jiko la kuni la chuma cha kusubu ni Dover, hata likiwa limeandikwa jina jingine mlangoni. Ukiliona utalijua. Ni sanduku jeusi zito lenye miguu mifupi, mlango mdogo wa kutilia kuni, mlango mkubwa wa oveni, na juu yake bamba lenye matundu ya duara yaliyozibwa kwa vifuniko. Ukifika Nairobi katika Makumbusho ya Karen Blixen, jikoni utakuta moja la Dover lililowekwa kwa kuwa linafanana na lile alilotumia mwenyewe.

Kitale imekaa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na anayedhani Kenya ni joto tupu hajalala hapa mwezi wa Julai. Baridi hiyo ndiyo iliyoyapa majiko haya makao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwapa askari wake wa zamani mashamba ya Trans Nzoia, nao wakapandisha vyombo vyao kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, hadi reli ilipofika Kitale mwaka 1926. Walipoanza kuuza mashamba na kuondoka miaka ya 1960, nani angebeba chuma kile hadi Uingereza? Majiko yakabaki. Mengine yaliteremka hadi Bungoma juu ya malori, pamoja na watu waliokuwa wakiyawasha.

Mmoja wa watu hao alikuwa khocha wangu, kaka yake mama, aliyekuwa mpishi katika shamba moja upande wa Kiminini. Silisifu jiko hili kwa kuitamani enzi ile. Khocha aliamka saa kumi alfajiri kuwasha moto ili wengine wakiamka wakute mkate, na mkate wenyewe aliujua kwa makombo. Lakini mambo aliyoyajua kuhusu moto sijayakuta katika kitabu chochote. Siku nilipomwita aje aone jiko langu jipya, hakulitazama hata kidogo. Alitazama dari. "Mpwa wangu," akasema, "bomba liko wapi?"

Hilo ndilo swali. Dover halipiki kwa sababu ya chuma chake. Linapika kwa sababu bomba refu lenye joto linavuta hewa. Hewa moto ikipanda bombani, nyingine huingia kwa nguvu kupitia kilango cha chini, hupita kwenye wavu ambao kuni zimelala juu yake, na moto hushika kiasi cha kuuchoma hata moshi wenyewe. Ondoa bomba, na ulichobaki nacho ni mafiga matatu ya bei kubwa.

Mimi nilianza vibaya. Fundi niliyempata aliogopa kutoboa paa lisije likavuja, akapitisha bomba dirishani, likapinda mara mbili na kuishia chini ya ukingo wa paa. Jioni ya kwanza upepo ukashuka kutoka Mlima Elgon na kuurudisha moshi wote ndani. Wageni waliokuja kuonja mkate wangu walikula mkate wa dukani, wamesimama uani, macho mekundu.

Basi sikiliza. Bomba lipande wima. Kila kona ni breki. Upana wake uwe sawa na tundu la jiko lenyewe, ambalo kwa kawaida ni kama sentimita 15, na usikubali fundi alibane njiani kwa sababu tu ndicho kipande alichonacho. Litoboe paa na kusimama angalau sentimita 90 juu ya pale lilipotokea, tena lipite kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Kipande cha kwanza, kile kinachotoka jikoni, kiwe cha bamba jeusi la chuma. Mabati ya kawaida yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi usiofaa kuvutwa na mtu. Mabati yaanzie juu, ambako joto limepungua. Kati ya bomba na mbao yoyote acha sentimita 45, na pale linapopita darini kata mraba mpana, uuzibe kwa bati, si kwa ubao. Juu livishe kofia ya mvua. Na paa halitavuja ikiwa bati linalozunguka bomba limeingizwa chini ya bati la upande wa juu na kulala juu ya bati la upande wa chini, kama magamba ya samaki. Fundi wangu wa pili alilijua hilo bila kuambiwa.

Nyumba chache za zamani bado zina paa la asibesto. Ikiwa yako ni mojawapo, usimruhusu mtu aipige msumari, seuze kuitoboa kwa bomba. Vumbi lake huleta saratani, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA. Afadhali ujenge jiko la nje.

Sasa chuma. Ukienda kuona jiko, beba tochi na sarafu. Gonga kila bamba kwa sarafu: chuma kizima hulia kama kengele, kilichopasuka hutoa sauti ya debe lenye nyufa. Kisha washa tochi, iweke ndani, funga milango yote, ufunike jiko zima kwa blanketi pamoja na kichwa chako. Mwenye mali atacheka. Mwache acheke. Kila mahali utakapoona mwanga unachungulia, moshi nao utachungulia hapo hapo. Mwanga kwenye maungio si tatizo, huzibwa kwa saruji inayostahimili moto. Mwanga kwenye ufa wa bamba la juu au sakafu ya oveni ni sababu ya kushusha bei, au ya kwenda zako. Kutu isikutishe. Kutu ya juujuu hutoka kwa brashi ya waya na jasho la Jumamosi moja, kisha unapaka mafuta ya kula kidogo, unawasha moto mdogo, na rangi nyeusi inarudi.

Kilichopotea ndicho cha kuuliza. Vifuniko vya juu hupotea mara nyingi, na wavu wa ndani karibu kila mara umeungua. Wavu si shida. Fundi yeyote wa jua kali atakuunganishia nondo nene. Zitapinda baada ya miezi kadhaa, utaweka nyingine. Kifuniko kilichopotea unaweza kukatiwa cha bamba nene. Lakini mwili wa jiko ukipasuka, usimkabidhi mtu wa kuchomelea madirisha. Chuma cha kusubu hakitaki vijiti vya kawaida. Kinataka vijiti vya nikeli, kipashwe joto kwanza, kichomelewe kidogo kidogo, halafu kipoe polepole, hata kwa kuzikwa majivuni. Ukikiharakisha, kitapasuka tena sentimita moja pembeni ya pale ulipolipia. Ufa mdogo mara nyingi ni bora ukafungwa kwa kipande cha bamba, boliti mbili na saruji ile ile ya moto. Kuta za ndani ambako moto unakaa zinahitaji kinga ya matofali ya kustahimili moto. Wafinyanzi wa Ilesi, Kakamega, hawakuanza kujua udongo jana. Ukiwapelekea vipimo wanaweza kukufinyangia vipande.

Jambo moja zaidi kabla hujatoa pesa: andikianeni. Tangu sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, chuma kikuukuu kinachosafirishwa bila karatasi kinaweza kukuletea maswali barabarani. Karatasi yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho na bei husaidia kukuondolea usumbufu. Na ukiona jiko limeachwa katika jengo la shule au la umma, ulizia ofisini. Usimuulize mlinzi.

Nani asinunue? Aliyepanga nyumba, kwa sababu hataachiwa atoboe paa. Anayetaka pambo la sebuleni. Huyo akanunue chungu. Anayetaka chai ndani ya dakika tano kabla ya kupanda matatu; gesi ilitengenezwa kwa ajili yake, maana Dover huchukua karibu nusu saa kupata joto. Na yule ambaye shida yake ni kupunguza kuni na moshi kwa pesa kidogo, jibu lake si Dover. Ni kile kijiko cha udongo wa kufinyangwa kinachojengewa mahali pake, ambacho wengine hukiita Upesi na wengine jiko kisasa. Kimewasaidia akina mama wa magharibi kwa miaka mingi, na gharama yake haikaribii hata nauli ya kusafirisha chuma changu.

Kuni ni nusu nyingine ya habari. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, ile iliyoanza Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, ilinifunza kwamba jiko la kuni bila miti yako mwenyewe ni deni. Panda muwati kando ya ua. Mkaratusi ukikatwa huchipuka tena kwenye kisiki, lakini uweke mbali na kisima na mto, unakunywa kuliko ng'ombe. Grevilia hupogolewa kila mwaka na mahindi yakaendelea kukua chini yake. Kwa wenye kahawa, kule Chwele na Kimilili, matawi ya mibuni yaliyopogolewa huwaka kwa joto kali na hayana moshi mwingi. Saiprasi ina utomvu: nzuri ya kuwashia, mbaya ya kupikia siku nzima. Lusiola usichome. Hiyo ni boriti.

Mti wowote ule, siri yake ni ukavu. Kuni mbichi hutumia joto lake lenyewe kukausha maji yake, na moshi wake mzito hupoa bombani ukawa lami nyeusi inayong'aa. Siku moja lami hiyo hushika moto. Utaisikia: bomba hunguruma kama lori linalopanda Webuye. Funga vilango vyote vya hewa, toa watu nje, na usimwage maji jikoni, kwa maana chuma chenye moto kikipata maji baridi hupasuka. Ili usifike huko, pasua kuni mwezi wa Desemba, mvua zikishakata, zipange chini ya ukingo wa paa pande zote mbili zikipata upepo, na uzitumie zikishapita angalau miezi sita. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia "ka!", vibichi hulia "bu". Kila mwezi, jiko likiwa baridi, shusha bombani gunia la katani lenye jiwe ndani, lililofungwa kwa kamba, ulipandishe na kulishusha hadi masizi yaishe. Ondoa pia masizi yaliyolala chini ya oveni, kupitia kile kilango kidogo ambacho wengi hudhani ni pambo. Oveni isiyoiva chini, sababu huwa iko hapo.

Cha kuwashia hatukosi. Trans Nzoia baada ya mavuno imejaa magunzi ya mahindi kila uani, na gunzi kavu hushika kwa njiti moja. Fungua hewa yote, choma magunzi matatu manne kwanza ili bomba lipate joto na lianze kuvuta, halafu ndipo utie kuni nyembamba, halafu nene. Jiko lililolala miaka mingi liwashie moto mdogo mara tatu au nne, siku tofauti, kabla hujalipa moto wa kweli.

Na sasa raha yenyewe. Ugali kwenye Dover unasongwa umesimama. Unatoa vifuniko viwili, tako la sufuria linakaa juu ya moto kabisa, na unaweza kulalia mwiko kwa uzito wako wote bila sufuria kukimbia, kwa sababu jiko lenyewe halisogezwi na watu wawili. Mgongo hauumi. Wakati huo huo mboga inatokota pembeni ambako joto ni la wastani, birika liko nyuma karibu na bomba, na viazi vitamu vimo ndani ya oveni. Chapati hupikwa moja kwa moja juu ya bamba lililosafishwa. Maharagwe ya githeri yakiwekwa ukingoni saa nne, saa nane yameiva bila mtu kuyapulizia.

Oveni haina kipimajoto, na khocha hakuwahi kukihitaji. Alinyunyiza unga wa ngano kwenye bati, akalitia ndani, akahesabu. Unga ukigeuka rangi ya kahawia ya mkate baada ya dakika moja hivi, tia mkate. Ukiwa mweusi, acha mlango wazi kidogo. Ukibaki mweupe, ongeza kipande kimoja cha kuni, si vitatu. Upande ulio karibu na moto huiva haraka, kwa hiyo geuza bati katikati ya muda. Mkate wangu wa kwanza ulikuwa mweusi kushoto na unga kulia. Watoto waliupa jina la bendera.

Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, kule Bungoma, ndiye aliyeuliza swali ambalo sikulitarajia. Alipoona jikoni hakuna moshi hakufurahi. Alitazama juu, akauliza mbegu zitatundikwa wapi. Maisha yake yote mahindi ya mbegu yalifungwa kwa maganda yake na kutundikwa juu ya mafiga, moshi ukiyafukuza fukusi na dumuzi. Nikamwambia Kenya Seed ipo Kitale tangu 1956, atanunua mbegu huko. Akaniuliza kama wanauza ile nyeupe ya babu yake. Sikuwa na jibu. Moshi ule ule uliolinda mbegu ndio uliomkohoza usiku, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa ya kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Lakini huwezi kumwondolea mtu moshi bila kumwonyesha pa kuweka alichokuwa akikihifadhi kwa moshi huo. Tulipatana hivi: mbegu zake hukaushwa juani hadi zigonge meno, huingizwa katika mfuko usiopitisha hewa, na mashuke machache, kwa ajili ya moyo wake, hutundikwa kwenye kibanda cha nje anakochomea maganda ya maharagwe ya kutengenezea munyu wa kulainisha mrenda. Majivu ya Dover pia anayachukua, kwa sharti kwamba siku hiyo hatukuchoma ubao wa rangi wala karatasi ya nailoni.

Bungoma nako kuna jambo lake. Mji uko chini, karibu mita 1,400, na joto la alasiri ya Februari halihitaji msaada. Niliyoyasifu kuhusu jiko hili ndani ya nyumba ni ya Kitale, Kapsokwony na pande za mlimani. Kwa Bungoma, Webuye au Bumula, jiko lisiingie nyumba kubwa kamwe. Lijengee banda la nje lenye madirisha pande mbili zinazotazamana, paa liwe juu, na bomba bado lipite juu ya paa hata kama kuta ni nusu. Wenye akili huko hupika kila kitu kabla ya saa nne asubuhi, wakaliacha jiko lipoe, na jioni wakapasha moto kwa gesi. Watoto wawekewe kizuizi popote litakapokuwa. Chuma hiki hakibadiliki rangi kikipata moto, na mkono mdogo hauna njia ya kujua.

Usiku, mkishamaliza chai, usilizime. Sogeza makaa nyuma, weka gogo moja nene la muwati juu yake, lifunike kwa majivu, kisha funga kilango cha chini hadi kibaki kinapitisha hewa kidogo tu. Kile cha bomba usikizibe chote, gesi ya makaa haina harufu na huua waliolala. Saa kumi na moja alfajiri fukua majivu kwa kijiti: ukikuta kaa jekundu la ukubwa wa yai, magunzi mawili yanatosha.